Nilivyouunguza Mkanda wa Kwanza

Sehemu ya sita

Wasomaji wangu, kabla sijaendelea naomba radhi. Wiki tano nimewasimulia habari hizi, na wiki zote tano kuna kitu nimewaficha.

Leo nakitoa. Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, kwa hiyo sina sababu tena ya kujifunika.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi: mimi ni Delfina, mama yake Mirella. Shule niliiacha darasa la tano, nikiwa na miaka kumi na saba nikaingia kiwanda cha Lumetta hapa bondeni Valfredda, nikafanya kazi gizani miaka ishirini na miwili. Tulikuwa tunatengeneza mikanda ya kamera, ile ya kusafishwa kwa dawa. Simu zikaanza kupiga picha, Kiwanda kikafa. Watu mia mbili tulifukuzwa kwa karatasi moja iliyobandikwa getini. Silvano, marehemu mume wangu, alikuwa mmoja wao.

Miaka kumi na mitano baadaye akatokea kijana Corrado, ana ndevu nyingi na maneno mengi kuliko ndevu. Akasema vijana wa mijini wameirudia mikanda, wanaililia, na Kiwanda kitafufuka. Mirella akamwamini. Akaomba likizo ya mwaka mmoja bila mshahara kule Posta, kwenye kazi ya kudumu, kazi ambayo kwetu mtu haiachi mpaka ashushwe kaburini, akaenda kufufua maiti.

Na mimi nikamfuata huko huko kuomba kazi, ili jicho langu lisimtoke.

Wiki iliyopita tuliachana mkanda wa kwanza ukiwa umetandazwa mezani, mita baada ya mita, umejaa madoa ya kijivu. Watu tisa tumeuinamia. Na watu saba wakamgeukia Fundi Ottavio, mpishi wa ule uji wa gelatini na madini ya fedha unaopakwa juu ya plastiki ndipo iwe mkanda.

Mmoja hakumgeukia. Huyo alikuwa mimi. Mimi nilikuwa natazama pindo la koti la mwanangu.

Msomaji mmoja ameniandikia: “Mama Delfina, wewe unalalamika tu, kosa lako wewe liko wapi?” Dada yangu, kaa chini.

Kwenye chumba cha giza huingii na kitu. Huingii na saa yenye mishale inayong'aa, wala simu, wala kiberiti, wala pete. Hata poda ya uso marufuku. Mkanda ambao haujafungwa ni kama kichanga asiye na ngozi: mwanga kidogo tu, umeungua. Fundi Ottavio husimama mlangoni kila asubuhi akitupapasa mifuko kama askari wa forodha.

Mifuko. Pindo hapapasi.

Mimi giza lile nalijua. Mna rola za chuma zinazozunguka, mna kisu cha kukatia. Rola ilimvuta rafiki yangu Pinuccia nywele mwaka tulioingia, na mpaka leo anavaa kofia hata harusini. Sasa mwanangu, aliyezoea kugonga mihuri na kuuza stempu, anaingia humo. Mngelala nyinyi?

Nikapanda mlimani kwenye kanisa la hija, nikanunua Bikira Maria wa plastiki, mdogo, anaingia kwenye kiganja na nafasi inabaki. Padri Gildo akambariki. Nikamshona ndani ya pindo la koti la kazi la Mirella, upande wa kulia, bila kumwambia.

Ni wale Bikira wanaokunywa mwanga mchana na kuutoa gizani. Nilijua. Kila nyumba ya bonde hili inaye mmoja kando ya kitanda. Nikajiambia, kitambaa kizito, kitamfunika.

Halafu, mama wenzangu, nikafanya jambo ambalo mama tu anaweza kulifanya. Nikamwachia kitundu kidogo usoni.

Ili apate kumwona mwanangu.

Basi turudi mezani.

“Fundi,” Corrado akasema, “hii ni nini?”

Ottavio akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Ana miaka sabini na minne. Karatasi za mapishi ya zamani zilitupwa Kiwanda kilipofungwa, kwa hiyo uji ule aliupika kutoka kichwani mwake, miezi minane, akionja hewa kama mpishi wa harusi.

“Madoa,” akasema.

“Hilo naliona. Ya nini?”

“Labda uji haukukorogeka.”

“Labda?”

“Kijana, ningekuwa najua nisingesema labda.”

Madoa yote yalikuwa ukingo mmoja wa mkanda. Yote makubwa kama punje ya haragwe. Ukingo huo hupita kwenye kimo cha goti la mtu aliyesimama kulia kwa rola ya katikati, na pale husimama Mirella. Mimi nilisoma hadi darasa la tano, lakini hesabu ile niliimaliza kabla ya watu wote mle ndani.

Sikusema kitu.

Corrado akajishika ndevu. “Plastiki iliyobaki inatosha kupaka mara moja tu. Na kiwanda kinachotuuzia plastiki kimeacha kuitengeneza. Fundi, nikikwambia upake tena, unaniahidi?”

Ottavio akavua koti lake jeupe, akalitundika kwenye msumari taratibu.

“Siahidi nisichokijua,” akasema, akatoka.

Corrado akatuambia twende nyumbani, turudi Ijumaa saa nne asubuhi atupe uamuzi. Sote tukajua uamuzi gani. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Jioni nikasonga polenta, ugali wetu wa mahindi, nikapika sungura kwa zeituni. Mirella alikula huku machozi yanadondokea sahanini.

“Kimekufa, Mama.”

“Usiseme hivyo, mwanangu.” Na moyoni nasema: sema tena.

“Fundi Ottavio ulimwona uso?”

“Kula.”

“Likizo yangu inakwisha Ijumaa saa sita. Nisipokwenda kusaini kurudi kabla Posta haijafunga, nafasi wanampa mtu mwingine.”

“Basi si utakwenda?”

Akasukuma sahani. Kisha akasema, “Nitakwenda wapi kwingine?”

Mama wenzangu, sitawadanganya. Moyo wangu ulicheza ngoma. Nilimwona mwanangu dirishani Posta, ana kiti, ana hita miguuni, ana pensheni inamngoja mbele kama mchumba mwaminifu. Nikamwongezea sungura.

Usiku sikutoa hata tone la chozi. Nilikoroma.

Jumatano nikaenda kununua mkate. Ottavio alikuwa ameketi baani, peke yake, na mwenye baa, mtu ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, anamchokoza kutoka nyuma ya kaunta.

“Fundi, kahawa yako nikutilie doa la maziwa, au madoa unayo ya kutosha?”

Watu wakacheka. Ottavio naye akacheka, ile ya mdomo tu.

“Nitilie,” akasema. “Moja zaidi litanifanya nini.”

Akaniona. Akanivutia kiti.

“Delfina, kaa. Sisi tumezeeka pamoja. Niambie kweli, nilikosea wapi?”

Nikatazama meza. Mezani palikuwa na sukari, nikaitazama sukari.

“Labda maji, Fundi.”

“Maji?”

“Ya mto. Mwaka huu mvua ilikuwa nyingi. Matope.”

Nilisema ili niseme. Lakini yule mzee uso wake ulifunguka kama dirisha.

“Maji!” akasema. “Maji, Delfina! Mungu akubariki!”

Akaacha kahawa yake inafuka, akatoka mbio. Mbio za mtu mwenye goti bovu.

Tangu saa hiyo mpaka Ijumaa asubuhi bonde zima lilimwona Ottavio akivuka daraja na chupa. Anachota juu ya daraja, anachota chini ya daraja, anachota kisimani kwa watawa, anapanda kilima kwenda Kiwandani kupima, anashuka tena. Chupa kumi na moja. Watoto wakamwita Bwana Mafuriko.

Mimi nilikuwa namwona kupitia pazia la jikoni. Alhamisi, safari ya sita, alikaa kwenye ukuta wa daraja akalisugua goti. Nikafunga pazia.

Kulifunga hakukusaidia. Nikavaa koti, nikaenda kanisani.

“Nibariki Padri, kwa kuwa nimekosa.”

“Delfina, Jumamosi ulikuwa hapa.”

“Hii imezaliwa baadaye, Padri.”

“Haya.”

“Nilimshona Bikira Maria kwenye pindo la koti la Mirella.”

“Hiyo ni ibada, wala si dhambi. Endelea.”

“Ameunguza mkanda.”

Akasogea karibu na kidirisha cha kitubio.

“Nani ameunguza?”

“Bikira.”

“Delfina! Mama wa Mungu usimsingizie. Aliyemshona ni nani?”

“Mimi.”

“Ehe.”

“Na aliyembariki ni wewe Padri. Siku ile ya kubariki pikipiki.”

Padri Gildo akakohoa kidogo. “Ottavio anajua?”

“Anapima maji.”

“Maji gani?”

Nikamweleza. Nilipofika chupa ya sita akaniomba ninyamaze kidogo. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine, “Kwa nini hukusema?”

“Padri, kesho saa sita Posta inafunga. Kiwanda kikifa, mwanangu anarudi kwenye kazi yake. Nikisema, Kiwanda kinapona, naye anabaki humo. Halafu kinakufa mwakani, na Posta hawamchukui tena. Mimi nimeshakiona kikifa. Nilikuwa getini nikisoma ile karatasi.”

“Nakuelewa.”

“Basi niondolee.”

“Siwezi.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu bado unaitenda. Nitamwoshaje mtu ambaye hajatoka matopeni? Toka kwanza.”

“Nipe sala, Padri. Hata hamsini.”

“Sikupi hata moja. Nenda kwa Ottavio.”

“Nitakwenda,” nikasema. “Jumamosi asubuhi na mapema.”

“Delfina!”

Bibi mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake kwenye benchi aliruka mpaka rozari ikamdondoka.

Ijumaa saa nne tulikuwa tumekusanyika kwenye ukumbi wa mbele, watu wanane. Mirella alikuja peke yake, alitoka nyumbani mapema kuliko mimi. Nikamwangalia: blauzi ya buluu ya Posta, imepigwa pasi. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Saa mbili tu zimebaki, Delfina, nikajiambia. Meza mate.

Corrado hakuwa amelala. Alikuwa na karatasi mkononi.

“Ndugu zangu,” akaanza, “mmefanya kazi ambayo hakuna aliyeamini…”

Mlango ukafunguka. Ottavio. Viatu vimelowa, suruali imelowa mpaka magotini.

“Samahani,” akasema. “Nimemaliza ya kumi na moja. Maji ni mazuri. Yote.”



“Kwa hiyo si maji,” akaendelea. “Na gelatini niliipima. Na madini ya fedha niliyapima. Basi kilichobaki ni mimi.” Akajaribu kutabasamu. “Lazima nilikosea mahali.”

Wasomaji, maneno hayo matatu.

Silvano wangu alikaa kwenye kiti cha jikoni miaka mitatu baada ya Kiwanda kufungwa. Alikuwa fundi mashine. Mashine zake hazikuwahi kulala siku moja. Na kila jioni, kijiko mkononi, supu inapoa, aliniambia hivyo hivyo: lazima nilikosea mahali. Mimi nikimwambia, Silvano, ni dunia, ni simu, ni mabwana wa mbali. Hakusikia. Alikwenda nalo kaburini kosa ambalo hakulifanya.

Na sasa mimi, kwa sindano yangu na uzi wangu, nilikuwa nampakia mzee mwingine mzigo ule ule.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

“Ni mimi,” nikasema.

“Ni wewe nini, Mama Delfina?” Corrado akauliza.

“Madoa. Ni mimi. Uji ni mzuri. Fundi, uji wako ni mzuri. Mirella, lete koti lako.”

“Mama, unaumwa?”

“Lete koti!”

Akalileta. Nikaligeuza pindo, nikawaonyesha kile kitundu. Nikalishikilia chini ya taa, nikahesabu hadi hamsini. Kisha nikasema, “Twendeni gizani.”

Tukaingia wote tisa. Corrado akafunga mlango wa kwanza, akafunga wa pili.

Na pale, katikati ya giza ambalo hata mkono wako huuoni, kukawa na kauso ka kijani, kadogo, kapole, kanatuangalia sisi sote kama kanatuuliza mmekuja kufanya nini.

Mtu akajipiga ishara ya msalaba, nilisikia mkono ukigonga kifua. Kisha Corrado akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashindwa, akajiegemeza kwangu, mwili wote unatetemeka, na sikujua kama bado anacheka.

“Uji wangu,” Ottavio alikuwa anasema gizani, pole pole. “Uji wangu ulikuwa mzuri.”

“Ulikuwa mzuri, Fundi.”

“Maji, Delfina?”

“Nisamehe.”

“Chupa kumi na moja!”

“Nisamehe, Ottavio.”

“Kilima chote kile!” Halafu akavuta pumzi ndefu. “Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo nataka kukuchukia mpaka chakula cha jioni.”

Tulipotoka mwangani Mirella alikuwa ananingoja. Mikono kiunoni, kama mimi ninapomngoja yeye.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu mezani.”

“Siku tatu!”

“Siku tatu.”

“Ukaniona nalia.”

“Nikakuongezea sungura.”

“Mama!”

“Mwanangu, sikiliza. Ukweli nimeshausema, Fundi amesafishika, Corrado ana uji wake. Kila mtu na lake. Wewe sasa hivi saa nne na nusu. Posta ni dakika kumi kwa miguu. Nenda ukasaini. Nakupigia magoti hapa hapa sakafuni.”

“Nimeshakwenda.”

“Umesaini?” Nikataka kumkumbatia.

“Nimesaini. Asubuhi hii, walipofungua tu. Barua ya kuacha kazi.”

Nikadhani sikusikia vizuri.

“Lakini asubuhi hii Kiwanda kilikuwa kimekufa!”

“Ndiyo.”

“Unaacha kazi hai uende kwenye kazi iliyokufa?”

“Nilikaa mbele ya lile dirisha, Mama, wakanipa kalamu. Nikajiona nikiwa na miaka sitini, nagonga mhuri. Nikasema hapana. Nilikuwa nakuja kumwomba Corrado aniache hata nifagie humu ndani mpaka watakapokata umeme.”

“Na hiyo blauzi?”

“Blauzi ni nzuri. Nimeipenda.”

Nikakaa juu ya sanduku. Siku tatu za uongo, mzee wa watu amekwea kilima na goti bovu, Padri ameninyima sala, na yote kwa ajili ya kiti ambacho mwanangu alikuwa ameshakipiga teke. Mama wenzangu, mnaona faida ya ujanja? Hakuna hata moja. Ukimwekea mtoto mtego wa kumrudisha nyumbani, utanasa mguu wako.

Corrado akatwanga meza kwa kiganja.

“Sufuria la pili la uji bado liko chumba cha baridi?”

“Lipo,” Ottavio akasema. “Pishi lile lile, siku ile ile.”

“Na plastiki ipo ya mara moja.” Akatutazama mmoja mmoja. “Tukipata mkanda safi, nina cha kuwaonyesha watu. Wataniamini, tutatafuta plastiki kwingine. Tukikosa, nafunga mlango huu na funguo natupa mtoni, kwenye maji mazuri ya Fundi. Nani yuko tayari?”

Mikono saba. Na wangu.

“Si wewe, Mama Delfina,” Corrado akasema upesi. “Wewe pumzika. Pumzika mbali.”

Ottavio akatikisa kichwa. “Rola ya mwisho inataka mtu wa kugusa mkanda unapotoka kwenye handaki la joto, ajue umekauka au haujakauka. Gizani hakuna kipimo kingine. Pinuccia hawezi kuja, wengine wote hawajawahi. Yeye aliifanya miaka ishirini na miwili.”

“Lakini Fundi…”

“Namchukia, nimeshasema. Ila kazi anaijua.”

Mirella akasogea. “Atasimama. Lakini namkagua mimi.”

Sijawahi kukaguliwa vile, hata nilipozaliwa. Mifuko, pindo, mikono, kola, nywele. Akanivua viatu.

“Hii nini kwenye soksi?”

“Rozari.”

“Toa.”

“Ni ya mbao, haing'ai.”

“Toa, Mama.”

Nikatoa. Nikaingia gizani bila hata mtakatifu mmoja, kwa mara ya kwanza maishani.

Corrado mwanzo wa mashine, kwenye plastiki tupu. Ottavio kwenye beseni la uji. Mirella katikati, mlangoni mwa handaki. Mimi mwisho. Mashine ikaguna, ikavuta, ikaanza kuimba ule wimbo wake wa zamani, na miguu yangu ikaukumbuka kabla yangu.

“Uji unashuka,” Ottavio akaita.

“Unaingia,” Mirella akaita.

Nikangoja. Dakika zinapita. Kisha hewa ya joto ikanigusa shavu, na mkanda ukafika. Nikauwekea ncha ya kidole ukingoni, kidogo tu, kama unavyogusa paji la mtoto anayelala.

Mkavu. Laini na mkavu kama ganda la kitunguu.

“Mkavu!” nikaita.

“Mkavu!” wakaitika mashine nzima, na mtu akapiga mluzi.

Mita kumi. Mkavu. Mita hamsini. Mkavu. Nilikuwa naita, wanaitika, na nakiri, kwa mara ya kwanza tangu yule mwenye ndevu aje bondeni, nilitaka. Nilitaka kwa nguvu. Hakukuwa na Posta tena. Mwanangu alikuwa amebakiwa na kitu hiki kimoja tu, na kilikuwa kinapita chini ya kidole changu.

Karibu na mita mia, kidole kikateleza.

Nikakiinua. Nikakigusa tena.

Unyevu.

Mkanda ukiviringishwa haujakauka, tabaka linagandana na tabaka, na ukishagandana hakuna mkono wa kuubandua. Basi ilinipasa kupiga kelele wasimamishe. Lakini ukisimamisha mashine katikati ya kupaka, uji unatuama, plastiki iliyo ndani ya handaki inaharibika yote, na ile ndiyo ya mwisho.

Kama ni kweli umelowa, nikinyamaza tumekwisha. Kama haujalowa, nikisema tumekwisha.

Na mimi, wasomaji wangu, nikiogopa mikono hunitoka jasho.

Nikapangusa kidole kwenye koti, nikagusa. Unyevu. Nikabadilisha mkono. Unyevu. Nikakiweka kidole ulimini, niseme nini, ndivyo nilivyofanya. Kilikuwa na chumvi. Jasho lina chumvi. Lakini uji wa Ottavio nao una chumvi zake, na sijawahi kuuonja.

Rola ilikuwa inazunguka. Tabaka juu ya tabaka.

“Mama,” sauti ya Mirella ikaja kutoka gizani, “mbona umenyamaza?”

Itaendelea wiki ijayo.